Kumkomboa Mzazi

Kiswahili chetu cha Goma, mashariki mwa Kongo, kina kitenzi kimoja kinachofanya kazi mbili. Mtu akitekwa njiani kuelekea Rutshuru, ndugu wanachanga dola, wanakwenda kumkomboa. Mama akijifungua hospitalini akakosa cha kulipa, ndugu wanachanga dola, wanakwenda kumkomboa. Neno ni lilelile na halimshtui mtu. Jumapili linasomwa hata katika matangazo ya parokia, kati ya ndoa na mazishi: akina mama wa Legio ya Maria wataenda hospitali kukomboa wazazi watatu, mwenye sabuni alete sabuni. Mzazi, kwetu, ni mama aliyejifungua.

Mwaka 2025 nilikwenda mwenyewe kumkomboa jirani. Hospitali siitaji. Kuitaja moja ni kuionea, maana ile ya mtaa wa pili nayo inafanya hivyohivyo. Jirani alizaa kwa kupasuliwa. Mtoto mzima, kidonda kimefunga, daktari alimruhusu siku ya saba. Mimi nilimkuta siku ya ishirini na sita, ameketi barazani nyuma ya wodi na wenzake wanne, wanafua nepi katika beseni moja. Kitanda alikwisha kunyang'anywa, kapewa mgonjwa mwingine. Yeye na mtoto wanalala kwenye mkeka. Hakuna kufuli wala waya. Yupo sentineli mmoja, mlinzi wa makamo na redio yake, na kila mwanamke anayetoka na kichanga anaombwa karatasi ya kutoka, ile yenye muhuri wa mhasibu. Huna, unageuka.

Nikaomba fakitire, karatasi ya hesabu ya deni. Dola 210 jumla. Upasuaji, glavu, uzi, serumu, antibiotiki, chupa moja ya damu. Mstari wa mwisho ndio ulionikalisha: kitanda, siku 26, dola 2 kwa siku. Yaani zile siku 19 alizozuiliwa kwa sababu ya deni zilikuwa zimeingia ndani ya deni, na kitanda chenyewe kililaliwa na mtu mwingine ambaye naye, bila shaka, alikuwa akihesabiwa siku zake. Mhasibu, kijana mstaarabu kabisa, aligeuza kompyuta nione mwenyewe. "Papa, ni mashine inahesabu."

Hapo ni rahisi kuhukumu. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 17, inasema uhuru wa mtu ndio kanuni, kumzuia ni jambo la pekee. Kifungu cha 47 kinamhakikishia haki ya afya. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, ambao nchi hii ilijiunga nao 1976 ikiwa bado Zaire, unakataza katika kifungu cha 11 mtu kufungwa eti kwa kuwa tu ameshindwa kutimiza makubaliano. Jijini Nairobi, mwaka 2015, Mahakama Kuu iliamua kwamba akina mama wawili waliozuiliwa kwa deni katika hospitali ya uzazi ya Pumwani walivunjiwa haki zao, ikaamuru walipwe fidia. Kwa upande wa sheria hakuna mjadala. Sentineli na redio yake ni gereza lisilo na hakimu.

Wala tusikimbilie kusingizia vita. Mwaka 2018 waandishi wa shirika la habari la Associated Press walizunguka hospitali na zahanati zaidi ya 20 za Lubumbashi, wakakuta karibu zote zinawazuia wasiolipa. Lubumbashi ni mji wa shaba na kobalti. Malori yenye utajiri yanapita pale usiku na mchana kuelekea Kasumbalesa. Kama mji ule nao unawalaza wazazi kwenye mikeka, basi mzizi wa jambo hili si bunduki za Masisi. Bunduki zimelimwagilia maji tu likastawi.

Ningeishia hapo kama nisingekaa nusu saa na muuguzi wa zamu. Nilimfuata nikiwa na hasira, nikidhani nitamsomea katiba. Akanisikiliza huku akikunja mashuka. Kisha akasema, "Papa, nikimuachilia huyu, kesho bote batatoka." Akanieleza kwamba miezi michache nyuma mgonjwa wa hernia aliruka ukuta wa nyuma usiku, ukuta wenyewe wa mawe ya volkano usiofika hata kifua. Fakitire yake waligawana wauguzi wawili waliokuwa zamu, ikakatwa kidogokidogo katika bahasha yao ya mwezi. "Tulimlipia sisi, na sisi nani anatulipia?"

Swali hilo lina historia ndefu. Zaire ya miaka ya 1980 iligawanywa katika kanda za afya 306, kila kanda na hospitali yake ya rufaa na vituo vyake vya chini, na mpangilio ule ulisifiwa hata nje ya mipaka. Mwaka 1987 mawaziri wa afya wa Afrika walikutana Bamako, pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, wakakubaliana juu ya jambo lililoonekana la busara: mgonjwa achangie bei ya dawa, ile fedha inunue dawa nyingine, sanduku lisikauke, na wananchi wenyewe walisimamie. Ulikuwa mchango wa kujaza sanduku. Serikali ilipoanguka katika miaka ya 1990 na vita kufuata, mchango ule ukabaki peke yake uwanjani. Ukawa mshahara wa muuguzi. Ukawa mafuta ya jenereta, rangi ya ukuta, wino wa mashine ya fakitire, na hata ile asilimia inayopanda kila mwezi kwenda kwa wakubwa wa kanda na wa mkoa. Kwa hiyo fedha katika nchi hii haiteremki kutoka wizarani kuja hospitalini. Inapanda kutoka kwenye kitanda cha mgonjwa. Mwaka 2001 huko Abuja marais wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Kongo haijawahi kufika hapo, na muuguzi yule hajawahi kusikia habari ya Abuja.

Hospitali nyingi za mji huu ni za makanisa au za watu binafsi, na hata zile za serikali zinaishi kwa fakitire kama zenzake. Mwenye jina kwenye orodha ya mishahara ya Kinshasa, naye, tangu benki zilipofunga milango mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji, hana dirisha la kuchukulia fedha yake. Anavuka mpaka kwenda Gisenyi, au inapita kwenye simu na mwenye kibanda anakata sehemu yake ndipo atoe noti. Uwanja wa ndege ulifungwa siku zilezile. Dawa zinakuja kwa barabara na kila kizuizi kinajua bei yake. ASRAMES, bohari ya dawa ya eneo letu, inauza kwa vituo ili iweze kununua nyingine. Uzi wa kushonea tumbo la jirani yangu ulinunuliwa kwa fedha ya mtu aliyelipa kabla yake. Asipolipa yeye, mwanamke wa wiki ijayo anaandikiwa ordonansi, karatasi ya dawa, akatafute uzi wake Birere saa saba za usiku. Wanaosema "afya ni haki" kwenye warsha za hotelini, na mimi nimewahi kuwa mmoja wao, mara nyingi si wao wanaonunua glavu.

Kuna jambo moja ambalo vita vimeliongeza, na sijaona likizungumzwa vya kutosha. Jirani yangu ndiye aliyelisema, bila uchungu, akimnyonyesha mtoto: "Papa, kama ningepigwa risasi, ningekuwa kwangu zamani."

Ni kweli tupu. M23 walipoingia Goma mwisho wa Januari 2025, majeruhi walijaa kwa mamia, na katika hospitali ya CBCA Ndosho madaktari wa Msalaba Mwekundu wa kimataifa walipasua usiku kucha, wengine wakitibiwa ndani ya mahema. Bohari yao ya dawa iliporwa katika siku zilezile na bado waliendelea. Aliyejeruhiwa kwa silaha halipi chochote. Kule Kyeshero, Madaktari Wasio na Mipaka wameendesha matibabu ya bure kwa miaka. Kitanda cha bure si lazima kiwe kitanda cha amani, nikumbushe: mwanzoni mwa Machi 2025 Umoja wa Mataifa ulieleza kwamba wapiganaji wa M23 waliingia usiku katika hospitali za Ndosho na Heal Africa, wakawachukua wagonjwa na majeruhi zaidi ya 100 kwa kuwashuku kuwa askari. Lakini kwa upande wa fedha mambo yako hivi: tumbo lililotobolewa na risasi lina mfadhili, tumbo lililobeba mtoto halina.

Sisemi hivyo kuwalaumu wageni. Msalaba Mwekundu una kazi yake iliyoandikwa, na hata hiyo ni nzito kuliko uwezo wake. Lakini mfadhili analipia kundi lake. Leo ni majeruhi, kesho ni waliobakwa, keshokutwa ni kipindupindu au mpox, na kila kundi lina rangi ya kadi yake. Mzazi wa Katoyi ambaye mume wake alikwenda Walikale kutafuta maisha na simu yake haipiti tena hana kadi. Athari yake kwa fikra zetu ni kubwa. Watu wameona kwa macho kwamba upasuaji unaweza kufanyika bila fakitire, basi ile hospitali inayodai inaonekana mwizi, hata kama inadai bei ya uzi tu. Na mfadhili akiondoka, kama ilivyotokea Marekani iliposimamisha misaada yake mapema 2025, bei inarudi palepale ilipokuwa, ila imani haikurudi nayo.

Sasa niache ya mwanasheria niulize swali la mhasibu. Kumzuia mtu kunaleta fedha?

Nataka kusema hapana, na wengi wanaoandika juu ya jambo hili husema hapana: maskini hawezi kukamuliwa. Lakini nikihesabu ya jirani yangu hesabu inanikatalia. Chama chao cha akiba, ile AVEC ya wauza samaki wa Kituku, kilitoa dola 70. Kanisa 30. Mimi na kaka yake 20. Hizo ni 120 ambazo hospitali isingeziona kama angeondoka siku ya saba. Mimi nafsi yangu nisingetoa hata senti. Nilitoa kwa sababu niliambiwa kichanga kinalala chini. Nikiri hivyohivyo. Mkeka ule ulifanya kazi uliyowekewa. Tena nimekumbuka wanasiasa wetu, kila Noeli, wanavyofika na kamera kukomboa wazazi kumi kwa mpigo. Hospitali nyingine huisubiri Desemba kama mkulima anavyosubiri mvua.

Lakini angalia nani aliyelipa. Mwenye deni hakulipa hata dola moja, maana hakuwa nayo. Walilipa wauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kwa fedha iliyokuwa mtaji wa mwezi ule. Kumzuia mzazi ni namna ya kuwatoza kodi majirani zake, na kodi hiyo wanatozwa walio karibu na umaskini, kwa kuwa ndio walio karibu naye. Mwenye nyumba ya ghorofa Himbi hajui hata kwamba jirani yangu alizaa. Serikali, iwe ile ya Kinshasa au hawa wanaotutawala sasa, haikuitwa kwenye kikao.

Na ipo gharama ambayo haimo ndani ya kompyuta ya mhasibu. Kila mwanamke aliyeingia pale kumwona mgonjwa wake aliwaona wale watano na beseni lao. Atakumbuka uchungu ukimshika. Atasema ngoja kwanza, tuite mkunga wa mtaani, tuombe, tuone asubuhi. Muuguzi yuleyule aliyekunja mashuka aliniambia kwamba wanaomtisha zaidi kuliko wanaoruka ukuta ni wanaofika siku ya pili ya uchungu, wamebebwa kwenye pikipiki kati ya dereva na shemeji, mtoto hachezi tena. Huyo naye atahitaji upasuaji, na damu chupa tatu badala ya moja, na fakitire yake itakuwa kubwa kuliko zote. Hofu inayolinda kasha la hospitali ndiyo inayoijazia wagonjwa wasioweza kulipa.

Watu wamejaribu njia nyingine, na wengine si mbali. Ng'ambo ya Ruzizi, Burundi ilikuwa na wazazi waliozuiliwa kama wetu. Mei 2006 rais akatangaza kwamba kujifungua na matibabu ya watoto chini ya miaka mitano ni bure. Wanawake walijaa hospitalini mara moja, ila hospitali zikakaa zikisubiri fedha za serikali zilizochelewa, na ilichukua hadi 2010 kuunganisha ule ubure na malipo yanayofuata kazi iliyofanyika. Rwanda ina mitiweli yake ya nchi nzima, bima ya afya ya kuchangiana. Nikiitaja siku hizi najua nusu ya wasomaji wangu wa Goma watafunga ukurasa, lakini kadi ya mtu wa Gisenyi inafanya kazi na sisi tunaiona kutoka dirishani. Wala hatuhitaji kuvuka mpaka. Bwamanda, kaskazini-magharibi mwa nchi hiihii, ilianzisha bima ya hospitali mwaka 1986, ikikusanya mchango wakati wakulima wana fedha ya mavuno mkononi. Bukavu ina mitiweli za jimbo la kanisa Katoliki zilizodumu kupitia vita zaidi ya kimoja. Kinshasa ilizindua kujifungua bure Septemba 2023, na mimi ningeshangilia kama hospitali zisingekuwa zikisubiri kurudishiwa fedha, na kama barabara ya kutoka Kinshasa hadi hapa isingekatwa na mstari wa mbele wa vita.

Kila moja ya njia hizo inahitaji mtu mmoja anayekusanya na kulipa kwa wakati, na watu kumwamini kwamba mwakani atakuwepo. Hicho ndicho Goma haina. Nani atatoa dola kumi Januari kwa mitiweli ambayo Juni huenda ofisi yake imekuwa kambi? Ndiyo maana siwapigii kelele wenye hospitali waige Bwamanda kesho. Ninachodai ni kidogo kuliko hicho, na kinaweza kufanyika bila mfadhili na bila amani: deni libaki kwenye daftari, mwili uende nyumbani. Bei ijulikane kabla, moja kwa kila upasuaji, kama kanda kadhaa za nchi hii zilivyokwisha kujaribu, ili mtu aanze kuchanga akiwa na mimba ya miezi mitano badala ya kushtukizwa na mistari ya glavu. Na siku za kitanda baada ya daktari kumruhusu mtu zisihesabiwe, mashine ifundishwe.

Hilo la mwisho tulilipata, kwa mabishano ya saa mbili. Zile dola 38 za siku 19 zilifutwa. Tukatoa zetu 120, zikabaki 52, na mhasibu akakubali jirani aondoke kwa kuacha simu yake rehani. Alivuta mtoto wa meza ili aiweke. Ndani zilikuwemo simu nyingine, nyingi zimezima, kadi za uchaguzi zimefungwa kwa raba, na pete moja. Nikamwuliza wangapi wanarudi. Akafikiri, akasema wanarudi wachache, lakini huyu atarudi. Nikamwuliza amejuaje.

"Ana mtoto mudogo. Mtoto atapata homa tu, na hospitali ya karibu ni sisi."

Wiki ya tatu mtoto alipata homa. Nilimkuta mama yake jioni kwenye foleni ya dirisha la farmasi ya mtaani, lile lenye taa ya betri na kijana anayeuza vidonge kwa kuhesabu kimoja kimoja, hatua mia tatu kutoka lango la sentineli. Nikamwuliza kwa nini hakwenda pale walipomzalisha.

"Kule niko na deni, papa."